Kuipa picha mjongeo sura ya Polaroid

Ndugu yangu wa Moshi, nimeelewa kwamba GIF (picha mjongeo) ya harusi ya dada yako huganda kila unapoiwekea mtandaoni fremu ya Polaroid, ule ukingo mweupe wa picha za kamera za papo hapo. Huenda tovuti hiyo inasoma picha ya kwanza pekee kati ya picha nyingi zinazounda GIF, hivyo tafuta kihariri cha GIF kinachobandika fremu juu ya picha zote. Ikate iwe mraba, kisha acha ukingo mweupe ulio mpana zaidi chini, na upunguze ukolezi wa rangi kidogo. Chembechembe za kuiga filamu ya zamani mimi siziweki kabisa, kwa kuwa GIF hubeba rangi 256 tu kwa kila picha na chembe hizo huongeza uzito wa faili, nalo bando ni ghali. Ikiwa watoto wanaonekana, usiipakie kwenye tovuti usiyoifahamu. Mpelekee fundi wa studio aihariri kwenye kompyuta yake.