Karo lako na kisima cha jirani: maswali yenu ya mwezi huu

Barua nyingi safari hii ni za vyoo na karo, yaani lile tangi la chini ya ardhi linalopokea maji taka ya nyumba, nadhani kwa sababu watu wengi wanajenga sehemu ambazo bomba la maji taka la mji halijafika, kwa hiyo kila mtu anajimalizia mwenyewe chini ya kiwanja chake. Nimechagua chache ambazo naona zitawasaidia wengi. Vipimo vinatofautiana halmashauri na halmashauri, kwa hiyo mita nitakazotaja hapa zichukueni kama mwanga alafu mkaulize kwenu kabla ya kuchimba.

Shikamoo bwana afya. Jirani yangu ameanza kuchimba karo na shimo la kufyonza maji upande wa mpaka wetu, na kisima changu kipo hapohapo, ukitembea ni hatua chache tu. Nimemwambia akanijibu kiwanja ni chake anachimba anapotaka. Sheria inamruhusu? Wajukuu wangu wanakunywa maji ya kile kisima.

Marahaba mama. Kiwanja ni chake kweli, ila maji ya chini ya ardhi hayajui mpaka wa kiwanja, na ndo maana karibu kila mahali penye kanuni za maji taka kuna umbali wa lazima kati ya shimo na kisima. Sehemu nyingi wanataka karo lenyewe likae kama mita 15 kutoka kwenye kisima, na shimo la kufyonza kama mita 30. Hata kwenye kambi za wakimbizi, ambako kila kitu kinafanywa haraka, viwango vinavyofuatwa na mashirika ya misaada vinasema choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya chini, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Sasa hiyo ya mita 1.5 watu wengi hawaijui na mimi naiona ni muhimu sawa na ile ya 30, maana unaweza ukawa mbali na kisima lakini umechimba mpaka umeyagusa maji yenyewe, hapo umbali unakusaidia kidogo sana.

Ngoja nieleze kwanini, kwa sababu jirani yako akielewa huenda akabadilika mwenyewe. Karo halisafishi maji. Linatulizia tu uchafu, mzito unashuka chini unakuwa tope, mafuta na povu vinaelea juu, afu maji ya katikati yanatoka kwenda kwenye shimo la kufyonza yakiwa bado yamejaa vijidudu vya kuharisha, ya taifodi, ya kipindupindu kama mwenye nyumba anaumwa. Kazi ya kuua hivyo vijidudu inafanywa na udongo, na sio udongo wowote, ni ule mkavu wenye hewa ulio kati ya kitako cha shimo na maji ya chini. Maji yakipita humo taratibu vijidudu vinanasa na kufa njiani. Ndo maana pia kwenye miamba yenye nyufa au mawe ya chokaa hata mita 30 zinaweza zisitoshe, maji yanapita kwenye ufa kama kwenye bomba, yanafika kisimani kabla hayajachujwa.

Hili sio jambo la kufikirika mama. Mwaka 1854 London, mtaa wa Broad Street, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600, wengi wao wakichota kwenye pampu moja. Daktari John Snow ndo aliyeionyesha ile pampu, ila baadae mchungaji Henry Whitehead akafuatilia akagundua kwenye nyumba ya jirani na pampu kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha, na maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji taka la nyumba ile. Walipolifukua wakakuta matofali yake yameoza, na kutoka hapo mpaka kwenye kisima ni chini ya mita 1. Shimo moja bovu la nyumba moja.

Cha kufanya: nenda ofisi ya afya ya halmashauri yako kabla hajafunika, uliza kama ana kibali cha kujenga hilo karo na kama ramani yake imeonyesha kisima chako. Peleka kwa maandishi, na ubaki na nakala, maana ya mdomo yanasahaulika. Na hata akisimama, peleka maji yako yakapimwe vijidudu vya kinyesi, omba wapime na naitreti pia, ile chumvi inayotokana na kinyesi na mbolea. Vijidudu ukichemsha maji vinakufa, naitreti haiondoki, ukichemsha sana ndo inazidi kuwa nzito kwa sababu maji yanapungua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Kama kuna mtoto mchanga hapo nyumbani usisubiri majibu, mtafutie maji mengine kuanzia leo.

Kaka, nimepeleka ramani ya nyumba wamenirudishia eti sijafanya kipimo cha udongo cha mahali pa maji taka. Fundi wangu ana uzoefu miaka mingi anasema udongo ule anaujua kwa macho. Si wananichelewesha tu?

Hapana ndugu yangu, hapa nipo upande wa waliokurudishia. Fundi anaweza kuujua udongo wa juu, ila shimo lako litafyonza huko chini. Kipimo chenyewe hakina maajabu, unachimba vishimo vidogo kwenye kina kilekile maji yatakapotokea, unajaza maji unaacha udongo ushibe, mara nyingi usiku kucha, kesho yake unajaza tena unapima maji yanashuka kiasi gani kwa dakika ngapi. Ni kipimo cha tangu miaka ya 1920 na mpaka leo kinatumika nchi nyingi, japo siku hizi sehemu zingine wanataka mtaalamu achimbe shimo refu asome tabaka za udongo zenyewe, na hiyo ndo bora zaidi.

Maji yakishuka polepole sana maana yake ni mfinyanzi, shimo litajaa na kufurika uani. Wengi hapo wanaelewa. Wasichoelewa ni kwamba yakishuka haraka mno nayo ni shida, mchanga mkubwa au kokoto unapitisha maji kabla hayajasafishika, wewe unafurahi karo lako halijai kumbe unamnywesha jirani. Udongo ukigoma zipo njia nyingine, kuna kujenga kitanda cha mchanga juu ya ardhi maji yapandishwe kwa pampu, kuna kutandaza mifereji mirefu zaidi badala ya shimo moja refu la kwenda chini, na pakishindikana kabisa kuna tangi lisilovuja la kunyonywa na gari kila likijaa, ambalo ni mzigo wa kila mwezi kwa hiyo fikiria kabla. Kitu kimoja tu nakuomba, pima kipindi cha mvua au muulize mtu aliyekaa hapo miaka mingi maji ya chini hupanda mpaka wapi, maana kiangazi kila kiwanja kinaonekana kizuri.

Kuna dawa za unga zinauzwa unamimina chooni eti karo halijai tena. Ni kweli?

Si kweli. Vijidudu vya kuozesha vimo tayari kwenye kinyesi, havihitaji kuongezewa. Tope linapungua kwa kuoza ila haliishi, kuna mchanga, nywele, vitu visivyooza, vinabaki palepale. Na dawa zingine kali zinalivuruga tope linapanda linatoka na maji linaziba shimo la kufyonza, hapo unachimba upya. Kwa nyumba ya kawaida panga kunyonya kila miaka 3 mpaka 5, ila bora upime kuliko kukisia: tope likikaribia sentimita 30 chini ya bomba la kutokea, au utando wa juu ukibaki sentimita 15 kabla ya kufika mdomo wa hilo bomba, ita gari.

Shikamoo. Karo letu limejaa na njia ya gari hakuna. Kuna vijana wanaingia ndani na ndoo kwa bei nafuu. Mume wangu anataka tuwaite wikiendi hii, mimi roho inasita.

Marahaba, na roho yako iko sawa. Msiwaite hao kuingia ndani. Nalisema hili kwa uzito wote. Ndani ya karo kuna gesi ya salfa inayonuka kama yai viza, na ikiwa kidogo unaisikia, ikiwa nyingi inaua pua kwanza, yaani harufu inapotea mtu anadhani hewa imekuwa nzuri kumbe ndo yuko kwenye hatari yenyewe, pumzi mbili tatu anaanguka. Afu mwenzake anaona kaanguka anaruka kumtoa, naye anabaki. Mara nyingi kwenye ajali hizi wanakufa wawili au watatu, na waliofuata walikuwa wanaokoa. Kufungua mfuniko saa chache kabla hakutoshi, na kuwasha kiberiti kuangalia kama kuna hewa ndo balaa lingine kwa sababu kuna gesi ya methane inayolipuka.

India walifika mahali wakatunga sheria mwaka 2013 inayokataza kumuajiri mtu kusafisha karo au mfereji wa maji taka kwa njia ya hatari bila vifaa vya kinga, na vifo bado havijaisha, kwa sababu sheria inakaa kwenye karatasi na kijana anahitaji hela ya leo. Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ndo unaweza kuzuia. Ulizeni halmashauri kama wana pampu ndogo za kupita vichochoroni, sehemu kadhaa zipo, au gari lisimame barabarani wavute bomba refu. Na likitoka liende kwenye kituo cha kupokelea tope, mdai risiti ya kituo. Kutapisha usiku mvua ikinyesha ili liende na mafuriko, najua linafanyika, lile tope linaishia kwenye mlango wa mtu mwingine.

Bwana afya, nimenunua nyumba, aliyeniuzia ameshahama na hakuna anayejua karo lipo wapi wala kama lilijengwa kwa kibali. Halmashauri nilipoenda wakatafuta faili hawakuliona. Sasa nifanyeje, na kwanini hakuna mtu wa kufuatilia haya mambo?

Nimeiweka barua yako mwisho kwa sababu imegusa kitu kinachoniuma. Kanuni nyingi za maji taka ya nyumbani zinaishi siku moja tu, ile siku ya kibali. Bwana afya anakuja, anaangalia shimo, anapiga saini, wanafunika, na baada ya hapo karo linakaa miaka 30 bila mtu wa serikali kulifungua. Wakati matatizo yote yanakuja baada ya kufunikwa, zege linapasuka, ile tii ya bomba la kutokea, kile kiungo chenye umbo la T, inadondoka ndani, familia inaongezeka wapangaji wanaingia, mtu anajenga banda la gari juu ya shimo la kufyonza. Tunakagua kitu kikiwa kipya, kikichakaa tunakiacha.

Na haiko hivyo kila mahali. Jimbo la Massachusetts kule Marekani tangu 1995 nyumba ikiuzwa karo lazima likaguliwe. Ufaransa tangu 2011 muuzaji anatakiwa aambatanishe ripoti ya ukaguzi isiyozidi miaka 3, mnunuzi anajua anachonunua. Japani wana sheria ya 1983 ya mitambo yao midogo ya nyumbani ambayo inataka kukaguliwa kila mwaka. Ireland walikuwa wamekaa kama sisi tu, mpaka Mahakama ya Ulaya ilipowatia hatiani mwaka 2009 kwa kutosimamia makaro ya vijijini, ndo wakatunga sheria 2012, kila mwenye karo ajiandikishe na wakaguzi wakaanza kupita 2013. Watu walilalamika sana, wakaona ni kodi imekuja kwa jina lingine, na ada ya kujiandikisha ikabidi ishushwe kutoka yuro 50 mpaka 5 kwa waliowahi. Mimi naona walifanya vizuri kuishusha, kwa sababu ukimtoza mtu sana ili ajitaje anajificha, na karo lililofichwa ndo baya kuliko yote. Halmashauri ikitaka kuanza ianze na daftari, nani ana karo, lipo wapi, lilinyonywa lini, faini baadae.

Sasa wewe. Tafuta bomba linapotoka nje ya nyumba kutokea chooni, lifuate kwa fimbo ya chuma ukichoma taratibu, mara nyingi karo lipo mita chache tu kutoka ukutani, na angalia bomba la kupumulia au sehemu ambayo majani ni ya kijani kuliko kwingine wakati wa kiangazi, hapo pengine ndo shimo la kufyonza. Ukilipata usisimame juu ya mfuniko, ya zamani inaoza kwa ndani kwa ile gesi na inavunjika ghafla. Ita gari linyonye, na mwambie fundi aangalie kuta na tii zote mbili kwa tochi akiwa juu, asiingie. Kama kuna mvua kubwa na ardhi imeshiba maji subiri ikauke kwanza, karo tupu, hasa la plastiki, linaweza kunyanyuliwa na maji ya chini likakata mabomba. Afu chora mchoro wa kipimo, kutoka kona mbili za nyumba mpaka kwenye mfuniko, nakala moja weka na hati ya nyumba, nyingine kaipeleke halmashauri wafungue faili, na usiondoke pale mpaka wakugongee muhuri wa kupokea.