Eabegi iliyotolewa kwenye gari la ajali: niuze nisiuze?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina banda la spea za mtumba hapa Malindi, kando ya barabara ya Lamu. Nimenunua Toyota Fielder ya 2006 iliyogongwa nyuma, na eabegi zake mbili za mbele, ile mifuko ya hewa ya kumkinga mtu ajalini, hazikufumuka. Kuna mteja wa Watamu anayeitaka ile ya usukani kwa sababu ya kwake ilifumuka. Jirani yangu wa gereji asema haijafumuka basi ni nzima, ifungwe tu, taa ikizimika kazi imekwisha. Je, sheria yaruhusu kuiuza? Na ni salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo jirani, maana ndiye anayenikera. Maneno yake nayasikia kutoka Mtwapa hadi Mambrui, na husemwa kwa uhakika kweli kweli na watu ambao hawajawahi kufungua kitabu cha gari hata kimoja.

Ile taa ya eabegi kwenye dashibodi, iliyoandikwa SRS, haijui habari za baruti, ile iliyomo kwenye mtungi wa chuma na inayoujaza mfuko ikiwashwa. Kompyuta ya eabegi hupitisha umeme mdogo mno kwenye kiwashio na kupima ukinzani wake, omu mbili hivi. Ikipata kipimo inachokitaka, hunyamaza. Ndani ya mtungi iwe baruti kavu, iwe iliyovuta unyevu, au pawe hamna kitu, kwake ni mamoja. Ndiyo maana wajanja huchomeka kirizista, kidude kidogo chenye ukinzani uleule, kwenye ile soketi ya manjano ya eabegi, taa ikazima, na mwenye gari akatoa pesa na shukrani juu yake.

Niliwahi kuletewa Vitz yenye shida ya honi. Taa ya eabegi ilikuwa ikiwaka na kuzima vizuri kabisa. Nilipobandua kifuniko cha usukani nikakuta kipande cha godoro kimekatwa kwa kisu kikashindiliwa mahali pa mfuko, na kifuniko chenyewe kimeshikizwa kwa gundi ya viatu. Waya wa taa ya eabegi ulikuwa umeungwa na wa taa ya oili, injini ikiwaka zote mbili zazimika pamoja. Mwenye gari alikuwa akipeleka watoto shule nalo kila asubuhi.

Wapo pia wanaotaka kuonekana wataalamu, wakapima kiwashio kwa mita ya kawaida. Umeme wa mita hiyo waweza kutosha kuifumua. Eabegi hujaa kwa milisekunde 30 hivi, jicho halijapepesa. Imeundwa ikutane na kifua cha mtu aliyefunga mkanda, si uso wa fundi aliyeinama juu ya meza. Na mashine ya gereji ya kukuambia baruti iko hali gani haipo. Njia ya kujua kwa hakika ni kuifumua, na ukiifumua huna tena cha kuuza.

Sasa hiyo yako ni ya 2006, na hapo ndipo ninapohofu zaidi. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza mitungi ya eabegi kwa Toyota, Honda, Nissan na wengine wengi, baruti yake ikiwa ni nitrati ya amonia. Aliyewahi kuacha gunia la mbolea ya CAN ghalani wakati wa masika anajua chumvi hiyo inavyovuta maji ikawa donge. Katika mitungi mingi hapakuwa na kitu cha kunyonya unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi viliharibu baruti, ikawa yaungua kwa kasi kupita kiasi, mtungi wa chuma ukapasuka na vipande vyake kumchoma dereva shingoni na usoni, mara nyingine katika ajali ndogo tu ambayo angetoka nayo mzima. Takriban mitungi milioni 100 iliitwa irudi duniani kote, na Takata ikafilisika 2017. Marekani walianza na majimbo yenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Mwanangu, Malindi ni nini kama si joto na unyevu, kaskazi na kusi, na chumvi ya bahari juu yake?

Ukitaka kujua kama gari lako liliitwa, tovuti ya Marekani ya kutafutia magari yaliyoitwa haitakusaidia. Yataka namba yenye tarakimu na herufi 17, na gari lililoundwa kwa soko la Japani halina. Chukua namba ya chesisi uitafute kwenye tovuti ya Toyota ya Japani.

Kuhusu sheria, usihangaike kutafuta kifungu kinachotaja eabegi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, kulindwa usalama wake, na kulipwa akidhurika. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 nayo yamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa alichouza. Utadhamini vipi kitu usichoweza kukipima? Umoja wa Ulaya, tangu 2005, umeziweka eabegi katika orodha ya vipuri visivyotakiwa kutumika tena katika kuunda magari mapya. Jibu langu ni usiiuze.

Mteja wako aagize mpya kwa namba ya chesisi yake, na abadilishiwe pia kompyuta ya eabegi na mikanda ya viti iliyokwisha kujikaza kwenye ajali. Bei itamuuma. Lakini asikimbilie mitungi ya rahisi ya mtandaoni. 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mitungi ya namna hiyo baada ya watu kuuawa nayo. Asipoweza kulipa, afunge mkanda na taa iachwe iwake.

Hizo zako mbili usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeona vijana wakivunja usukani kwa nyundo juu ya jiwe ili wapate aluminiamu, watoto wamewazunguka. Usizichome, usizitoboe. Ukizibeba, upande wa kitambaa uelekee mbali na mwili wako, na ukiziweka uelekee juu. Ukiulaza chini na ikafumuka, mtungi wote utaruka. Zitoe bandani leo, uzifungie mahali pakavu mbali na jiko la chai, na zisiguswe mpaka aje fundi mwenye mafunzo azifumue kwa waya mrefu, uwanjani, watu wakiwa mbali.