Vidonge vipo, kwa nini chuma cha mshipani?

Swali: Assalaam alaikum daktari. Baba yetu husafishwa damu Hospitali ya Mnazi Mmoja mara tatu kwa wiki, na kwa ajili hiyo amehamia kwa mdogo wake, Unguja. Wekundu wa damu yake umeshuka hadi 8.4. Vidonge vya chuma amemeza kwa miezi mingi, na mama humtengenezea juisi ya bitiruti kila siku. Sasa ameandikiwa chuma cha mshipani. Ndugu wana khofu, wanasema bora aongezwe damu. Tufuate lipi?
*Msomaji, Wete, Pemba*

Jibu: Waalaykumu salaam. Mfuateni daktari wake, na bitiruti iacheni leo hii. Ina potasiamu nyingi ambayo figo zake haziwezi tena kuitoa, na ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Mama asilaumiwe, kwani ushauri huu hutolewa kila baraza.

Vidonge navyo havikushindwa kwa uzembe wa mzee. Mwili wa mgonjwa wa figo hujaa hepsidini, homoni itokayo kwenye ini, ambayo hukizuia chuma kutoka utumboni kisiingie kwenye damu. Wakati huohuo chuma kinapotea: itazameni mirija ya mashine baada ya muuguzi kumrudishia damu, mtaona wekundu haukutoka wote. Hasara hiyo, pamoja na damu ya vipimo, hufikia gramu moja au mbili za chuma kwa mwaka, kiasi ambacho vidonge ni nadra kukifidia.

Chuma peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Erithropoietini, homoni inayoamrisha uboho utengeneze damu, hutoka kwenye figo, ndiyo maana wagonjwa hawa huchomwa sindano yake, na sindano hiyo ya ghali haifanyi kazi ipasavyo pasipo chuma. Katika utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 2,141, uliochapishwa mwishoni mwa 2018, waliopewa miligramu 400 za chuma cha mshipani kila mwezi, kikisitishwa feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) inapozidi 700, walihitaji sindano ya erithropoietini kwa kiasi kidogo na kuongezewa damu mara chache zaidi kuliko waliopewa chuma pale tu kilipopungua. Vifo na matatizo makubwa ya moyo pia vilikuwa vichache kwao.

Kuongezwa damu kubakie kwa dharura. Damu ya mtu mwingine huweza kuufanya mwili ujenge kinga itakayokataa figo ya kupandikizwa, ikiwa siku moja atapata mfadhili.

Khofu ya ndugu ina asili yake, kwani wapo wachache ambao miili yao hukikataa chuma cha mshipani kwa ghafla. Kwa hiyo hupitishwa polepole, muuguzi akiwa karibu. Feritini nayo hupanda kwa maambukizi hata chuma kikiwa haba, hivyo isisomwe peke yake. Mzee akiwa na homa, au mahali pa katheta, yaani mrija wa kusafishia damu, pakitoa usaha, mwambieni muuguzi kabla dawa haijafunguliwa, kwa sababu chuma hakipewi mgonjwa mwenye maambukizi makali.