Usiwashe kamera kabla wimbo haujasainiwa

Mkuu, simama kwanza. Umeuliza kamera ya kukodi, taa, na kama filamu ya dakika 15 inaweza kupelekwa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Halafu katikati ukapitisha kama si kitu: kwenye kipande cha saluni redio itakuwa inapiga taarabu ya zamani, na jamaa kakuhakikishia kuwa chini ya sekunde 30 haina shida. Hakuna sekunde 30. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 haina kipimo hicho, na anayekuambia kipo hajawahi kuifungua.

Sisi tuliambiwa maneno hayohayo na prodyuza tuliyemlipa kwa ushauri. Tukashuti Tanga, mama na binti wanagombana huku redio inaimba. Inaimba kweli, palepale chumbani, maikrofoni inabeba vyote. Filamu ikakamilika, ikapendeza. Tamasha la kwanza fomu yake ikauliza: una kibali cha muziki wote uliomo? Ndipo tukaanza kumsaka mwenye wimbo, kumbe una wenyewe wawili: aliyeutunga na anayemiliki ile rekodi. Mtunzi alishafariki, warithi wake hawaelewani. Rekodi imepita mikono mingi, kila mmoja anasema ni yake.

Tukasema basi tuutoe. Hautoki! Sauti ya mama imo ndani ya fidla na kinanda. Mhariri akikata maneno ya binti, wimbo nao unaruka. Kurudia haikuwezekana, binti kakua na nyumba imeshavunjwa. Michango ya ndugu na marafiki imelala kwenye diski mpaka leo. Na yule prodyuza? Eti alidhani tunaiweka YouTube tu. Hata hilo ni uongo: YouTube inautambua wimbo, na mwenyewe akitaka anaifungia video yako. Mtu anakula pesa ya vijana kwa jambo asilolijua, kesho yuko kwa wengine. Linaniuma.

Wakubwa pia yamewakuta. Todd Haynes wa Marekani alitengeneza filamu ya dakika 43 mwaka 1987, *Superstar*, kwa wanasesere wa Barbie, juu ya maisha ya mwimbaji Karen Carpenter. Ruhusa ya nyimbo hakuwa nayo. Kaka wa mwimbaji akamshtaki, akashinda, na filamu hairuhusiwi kuonyeshwa hadi leo. Charles Burnett aliitengeneza *Killer of Sheep* akiwa mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha hukohuko Marekani, miaka ya 1970. Ikaja kufika kwenye kumbi za sinema 2007, baada ya nyimbo zake kulipiwa kama dola 150,000. Wewe utazitoa wapi?

Siku ya kushuti redio iwe kimya. Waigizaji wacheze kana kwamba inaimba, muziki utauingiza kwenye kuhariri. Kabla ya hapo upate karatasi mbili, ya mtunzi au warithi wake na ya mwenye rekodi: wimbo gani, filamu gani, sehemu ipi, ruhusa ya kuonyesha wapi (matamasha, televisheni, intaneti) na kwa muda gani. Anza kuulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ikishindikana, tafuta kijana anayejua kinanda akutungie mpya, naye asaini, hata akiwa binamu yako.

Kama umepanga kushuti Jumamosi, isogeze. Kamera chukua yoyote. Ukishajua jina la huo wimbo liweke hapa, humu wamo wazee wa taarabu wanaoweza kukufikisha kwa familia ya mtunzi.