Uliza Tujibu: Taa za dagaa, karabai ya babu na honi ya Liemba

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliolelewa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya Kigoma na Kasanga, ambao sasa wanaishi mbali na maji. Wanayoyakumbuka wanayakumbuka vizuri. Wanachotaka ni kujua yalikuwa yakifanyikaje.

Usiku ziwa lilijaa taa, ungedhani mji umehamia majini. Kisha siku kadhaa hakuna hata taa moja, kina baba wako pwani wanashona nyavu. Kwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Mbalamwezi. Mchana dagaa hukaa kina kirefu. Jioni hupanda kufuata vijidudu wanavyokula, na hapo ndipo taa huwakusanya. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kuwavutia, na mafuta yataungua bure.

Taa hazikutoweka kwa mkupuo, ukikumbuka vizuri. Mwezi mchanga huzama mapema, kwa hiyo boti zilisubiri uzame ndipo zitoke. Ukishapevuka, kila usiku huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50, hivyo taa zilirudi kidogo kidogo: kwanza saa moja ya kutega, kesho yake karibu mbili, hadi usiku mzima. Msichanganye jambo hili na ziwa kufungwa. Serikali ilipositisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ilikuwa ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana, mwezi haukuhusika.

Na boti mbili zilizounganishwa kwa maboriti zilikuwa za nini? (Huyohuyo)

Hiyo ni kipe. Wavu hushushwa katikati ya boti hizo mbili, taa zikining'inia juu yake. Dagaa wakishajaa, taa za pembeni huzimwa moja moja hadi ibaki ya katikati, nao husogea hapo. Kisha wavu huvutwa pembe zote kwa pamoja. Pembe moja ikichelewa, dagaa humwagika upande huo, na kazi ya saa nzima imekwenda.

Nimerithi karabai (taa ya pampu) ya babu. Nikiiwasha inatoa moto wa njano na masizi, kisha inazima. Inakosa nini? (Msomaji, Tabora)

Mara nyingi inakosa subira yako. Karabai haichomi mafuta, inachoma mvuke wa mafuta. Bomba likiwa la baridi, mafuta ya taa hutoka yakiwa maji, ndiyo njano na masizi hayo.

Iwashe nje ya nyumba. Jaza tangi robo tatu, juu pabaki hewa. Mimina spiriti kwenye kikombe kilicho chini ya bomba, washa, na uiache iungue hadi inakaribia kwisha. Ni kama dakika mbili. Hapo ndipo unafunga koki ya hewa na kupiga pampu, taratibu mwanzoni. Ukisikia mvumo ule wa "shhh", mvuke umeanza kupita. Moto wa njano ukirudi, fungua koki utoe hewa, acha ipoe, anza upya. Usiongeze pampu juu ya moto wa njano: mafuta yatamwagika na taa nzima itawaka.

Pampu ikienda bila kubana, kile kipande cha ngozi ndani kimekauka, jambo la kawaida kwa karabai iliyokaa stoo miaka. Kitoe, kiloweke mafuta ya kulainisha usiku mmoja, kipanue kwa vidole na ukirudishe. Ikibana lakini mwanga ni hafifu, tundu la mvuke limeziba. Lizibue kwa sindano yake, si kwa waya wowote, maana tundu likipanuka halirekebishiki.

Kile kifuko cha nyuzi kinachong'aa, kikiwa kipya, kwanza kichomwe hadi kiwe jivu jeupe. Baada ya hapo usikiguse. Kikitoboka, ulimi wa moto hutokea hapo ukapiga kioo, na kioo kitapasuka.

Dagaa tunaoletewa siku hizi ni wachungu, matumbo yamepasuka, na mchanga humohumo. Wa bibi hawakuwa hivyo. (Msomaji, Dodoma)

Mchanga tusimtetee bibi, hata zamani ulikuwepo. Dagaa waliopata bahati walianikwa kwenye kokoto. Matumbo kupasuka ni dalili kwamba dagaa walikaa muda mrefu kabla ya kuanikwa: vimeng'enya vya tumboni huendelea kufanya kazi samaki akishakufa, na huanza na tumbo lake mwenyewe. Uchungu ni mafuta yao yaliyochacha. Angalia tumbo, likiwa la manjano badala ya fedha, waache.

Anayetaka kuanika vizuri ajenge kichanja cha kimo cha kiuno, atandike wavu wa matundu madogo. Dagaa waoshwe kwa maji yaliyochotwa mbali na ukingo, watandazwe tabaka moja, wasigeuzwe mpaka ngozi ikauke, la sivyo hunasa na kukatika vichwa. Jua kali la siku moja linatosha. Mkunje mmoja: akivunjika "tak" yuko tayari, akipinda arudi juani. Kosa kubwa hufanyika jioni, watu wanapofunga gunia dagaa wangali na joto. Jasho hubaki ndani, na baada ya siku chache ni ukungu.

Meli ya Liemba ilishushaje watu vijijini kwetu wakati hakuna gati? (Msomaji, Sumbawanga)

Ilisimama majini, ikapiga honi, mitumbwi ikaifuata. Abiria na magunia walipitia mlango wa ubavuni, ulio karibu na maji. Ziwa likichafuka, mtumbwi hupanda na kushuka ubavuni mwa meli, na mtu huvuka wimbi likiwa limeupandisha, si linaposhuka.

Na ndiyo, ni meli ileile ya Wajerumani iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ila kwanza walipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927.