Barua kwa Mwanangu: Dawa za Lehemu na Tezi Dume

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana umefunga maswali mawili kwenye furushi moja. Kwanza unauliza kama dawa za kushusha lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) anazomeza baba yako kila usiku zinaweza kumletea saratani ya tezi dume, kwa kuwa mwenzako kazini kakutisha hivyo. La pili naona ndilo linalokunyima usingizi: umesoma mahali kwamba dawa hizohizo zinakinga saratani hiyo ya tezi dume, na ukikumbuka ugonjwa uliomchukua marehemu baba yako mkubwa, unataka kujua kama nawe uanze kuzimeza, ilhali lehemu yako iko sawa.

Jibu langu kwa yote mawili ni hapana. Lakini nimekaa dirisha la dawa maisha yangu yote ya kazi, na najua hapana tupu haimtoi mtu hofu, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Hofu ya mwenzako ina asili yake. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya jaribio liitwalo PROSPER, lililohusisha wazee 5,804 wa miaka 70 hadi 82. Nusu walipewa pravastatini, mojawapo ya hizi dawa za kushusha lehemu ziitwazo statini, nusu kidonge kisicho na dawa. Moyo ulinufaika, lakini waliopewa dawa walionekana kugunduliwa saratani mpya kwa wingi zaidi. Habari ya namna hiyo ikishatoka hairudi, hata ikija kusahihishwa. Na ilisahihishwa: mwaka 2012 watafiti walikusanya taarifa za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio 27 ya statini, watu wapatao 175,000, wakahesabu saratani upande wa waliomeza dawa na upande wa wasiomeza, au waliomeza kiasi kidogo zaidi. Hesabu zililingana, za waliougua na za waliokufa. Kwa hiyo baba yako aendelee na kidonge chake, na mwambie aache kukitazama kwa jicho la shaka.

Sasa hili la kinga, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu linaingia akilini upesi. Lehemu ndiyo malighafi ambayo mwili hutumia kutengeneza homoni ya kiume, testosteroni. Saratani ya tezi dume nayo huitegemea homoni hiyo. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba mgonjwa akiondolewa homoni za kiume uvimbe hunywea, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobeli. Mtu akiunganisha hayo mawili anasema: punguza lehemu, utaunyima uvimbe chakula. Mwaka 2006 uchunguzi mmoja wa Marekani uliofuatilia wanaume karibu 35,000 ukatia nguvu wazo hilo. Idadi ya waliopata saratani ya tezi dume haikutofautiana, ila waliotumia statini walipata kwa uchache zaidi ile iliyokomaa na kusambaa, kwa karibu nusu.

Nusu! Najua hapo ndipo moyo wako uliporuka. Lakini angalia jinsi uchunguzi wa aina hii unavyofanywa. Hakuna aliyepigiwa kura ameze au asimeze. Watafiti wanawatazama tu watu wanavyoishi, na mtu anayemeza dawa ya lehemu kila siku kwa miaka ni mtu wa namna yake. Anahudhuria kliniki na anapimwa damu mara kwa mara. Mara nyingi ndiye pia aliyeacha sigara na anayejipima uzito. Uvimbe wake una nafasi kubwa ya kuonekana ukiwa mdogo, kabla haujasambaa. Watafiti wenyewe wanalijua hilo na hujitahidi kuliondoa kwa hesabu, lakini haliondoki lote. Majaribio yale 27 ambamo watu walipangwa kwa kura hayakuonyesha kinga yoyote. Kwa haki niseme pia kwamba majaribio hayo yalidumu wastani wa miaka mitano, na saratani ya tezi dume ni ugonjwa wa polepole, kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa. Wapo wanaoendelea kuchunguza kama dawa hizi zinawasaidia wale ambao tayari wanaugua. Hilo ni swali jingine kabisa, si lako.

Lipo jambo ambalo hukuuliza, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Nimeweka mezani vyeti viwili vya maabara vya baba yako. Cha kabla ya dawa kinaonyesha lehemu mbaya, LDL, ikiwa 4.3, na PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikiwa 3.8. Cha baada ya dawa kinasema LDL 2.2 na PSA 3.3. Mtu akikiona hiki cha pili peke yake atafurahi: PSA imeshuka, tezi imepona. Mwanangu, hatujui kama tezi imebadilika chochote. Statini huishusha PSA yenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima wanaume 1,214 kabla na baada ya kuanza dawa, wakakuta PSA imeshuka kwa asilimia 4.1 kwa mtu wa katikati. Waliokuwa na PSA ya 2.5 au zaidi na ambao LDL yao ilishuka sana, PSA yao ilipungua kwa asilimia 17 hivi.

Sasa fikiria mtu mwenye 4.4. Madaktari wengi huanza kushtuka PSA ikifika 4. Akishushiwa asilimia 17 anasoma 3.7, anaambiwa aende nyumbani, arudi mwaka ujao. Inawezekana hana kitu. Inawezekana pia anacho, na namba imemficha. Kwa finasteridi, dawa wanayopewa wenye tezi iliyovimba, madaktari wana kanuni: inapunguza PSA kama nusu, hivyo wanazidisha kwa mbili. Kwa statini hakuna kanuni rahisi hivyo, kwa sababu kila mtu hushuka kwa kiasi chake. Ndiyo maana nasisitiza kwa baba yako kwamba kila anapokwenda kupimwa ataje dawa zote anazomeza, na abebe cheti cha zamani, daktari aone mwendo wa namba na siyo namba moja. Alikuwa anadhani dawa ya moyo haimhusu daktari wa mkojo. Tafadhali mkumbushe nawe, wewe anakusikia haraka.

Kuhusu thamani ya dawa hizi kwa mwenye kuzihitaji, sina maneno mengi. Akira Endo wa Japani alizigundua mwaka 1973 ndani ya ukungu. Mwaka 1994 jaribio la wagonjwa wa moyo 4,444 katika nchi za Skandinavia lilionyesha simvastatini ikipunguza vifo kwa asilimia 30. Dawa ya namna hiyo haichezewi, haiachwi kwa uvumi na haimezwi kwa kubahatisha. Ina madhara yake: inaweza kuumiza misuli, huongeza kidogo uwezekano wa kisukari, na kwa nadra sana misuli huharibika hadi mkojo ukageuka kahawia, hapo mtu anakimbizwa hospitali. Mwenye moyo ulio hatarini anavumilia hayo kwa sababu anapata kikubwa. Wewe ungevumilia kwa malipo gani?

Unachoweza kufanya kwa ajili ya tezi dume yako ni kujua damu yako inabeba nini. Hatari huongezeka takriban mara mbili kwa mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa naye aliugua. Baba yako, tunashukuru, hajagunduliwa kitu. Baba mkubwa ni hatua moja mbali zaidi, hivyo uzito wake ni mdogo, isipokuwa kama aliugua mapema au kama kuna wengine katika ukoo. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume wa kawaida wazungumze na daktari kuhusu PSA wakifika miaka 50, na walio katika hatari kubwa, wakiwemo wenye asili ya Afrika, wakifika 45. Wewe una 41. Una muda wa kulipanga bila papara, na siku ya kupima ikifika nataka namba ya kwanza uihifadhi vizuri, kwa sababu ndiyo zitakayolinganishwa nayo zote zitakazofuata.

Nimemwomba mama yako mkubwa atafute makaratasi ya hospitali ya marehemu. Ninachotaka kuona humo ni umri aliogunduliwa, na kama waliandika ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Nikiyapata nitakupigia siku hiyohiyo, uyapeleke kwa daktari wako.

Mama yako