Faili la baiti 20

Mwaka wangu wa pili kazini nilisoma ripoti moja usiku, nikalala vibaya, asubuhi nikawahi ofisini kabla mlinzi wa usiku hajamaliza zamu. Nilitaka kuona kitu kimoja tu: nakala rudufu za kanzidata yetu, yaani hifadhi ya data zote za mfumo. Kila siku saa nane usiku seva ilitengeneza faili jipya, na mafaili yote yalikuwepo, kila moja na tarehe yake kwenye jina. Folda ilipendeza. Kisha nikaangalia uzito. Baiti 20. La jana yake, baiti 20. Nikarudi nyuma wiki saba, yote baiti 20.

Wanaoijua gzip, programu ya kubana mafaili, wameshacheka. Ukiipa gzip utupu iubane, inakupa faili la baiti 20. Mtu alikuwa amebadilisha nywila ya kanzidata, amri ya kutoa nakala ikawa inashindwa kila usiku, na gzip, kwa utiifu wake, ikawa inaubana ule utupu na kutoa taarifa kwamba kazi imekwisha salama. Aliyebadilisha nywila ni mimi.

Kila mwaka vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huniuliza, "Kaka, tusome nini?" Wanategemea nitaje kozi, au niwaambie lugha gani inalipa. Jibu langu huwa linawashangaza kidogo: anzeni na ripoti za ajali. Zile ambazo kampuni huandika baada ya mfumo wao kuanguka, zikieleza saa kwa saa kilichotokea na kwa nini. Ni bure, zipo nyingi mtandaoni, na ndizo zilizonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote nililokaa.

Ripoti ya usiku ule ilikuwa ya GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu zao. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja alikuwa anahangaika na seva mbili za kanzidata. Ya kwanza ilikuwa inahudumia wateja, ya pili inanakili kutoka kwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa imebaki nyuma, na dawa yake ilikuwa kufuta data yake yote ili ianze kunakili upya. Usiku ulikuwa umeingia. Aliyewahi kufanya kazi akiwa na madirisha mawili meusi ya amri anajua yanavyofanana. Amri ya kufuta ikaenda kwenye seva ya kwanza. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka, akaikatiza, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Hapo ndipo ripoti inaponoga, maana kufuta kitu kwa bahati mbaya kila mtu amewahi. Wakaenda kwenye nakala rudufu, wakakuta chumba kitupu. Kanzidata yao ilikuwa PostgreSQL toleo la 9.6, lakini programu ya kutoa nakala iliyokuwa inaitwa ni ya toleo la 9.2, na ikikuta tofauti hiyo hukataa kazi. Ilikuwa inakataa kila siku. Barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinatumwa, ila zilikuwa zinarudishwa na seva ya barua kwa kukosa saini inayotakiwa, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Huduma ilikaa chini saa 18 hivi, na data ya wateja iliyoingia kwenye kanzidata kwa zile saa sita ikapotea. Yote hayo wakayaandika hadharani, na kazi ya kurejesha wakairusha moja kwa moja YouTube, watu wakitazama.

Nilipofika pale kwenye barua pepe zilizokataliwa nikajiuliza: za kwetu zinakwenda wapi? Nikagundua hatukuwa hata na za kukataliwa.

Mafundisho ya hatua kwa hatua mnayoyafuata, yale ya "jenga duka la mtandaoni kwa saa tatu", yana faida yake na siyadharau. Lakini yameandikwa na mtu ambaye tayari anajua mwisho wake. Ni kama video ya harusi: humo hakuna anayeonyesha jenereta lilivyozimika na wali ulivyokwisha kabla ya meza ya tano. Ripoti ya ajali inakuonyesha jenereta. Tena inakuonyesha mfumo mzima ukiwa umefunguka, vipande vikiwa vimeshikana kwa namna ambayo hakuna mchoro wa darasani ungekuonyesha.

Namna ya kuzisoma ni hii. Usizisome kama gazeti. Soma hadi pale matatizo yanapoanza, halafu simama, chukua karatasi, andika unadhani chanzo ni nini na wewe ungegusa nini kwanza. Ndipo uendelee. Mara nyingi utakosea, na kukosea kwenye karatasi hakumkatii mtu huduma. Jaribu na ile ya tarehe 2 Julai 2019 ya Cloudflare, kampuni inayokaa katikati ya tovuti na wasomaji wake ili kuziharakisha na kuzilinda. Kwa dakika 27 tovuti nyingi duniani zilikuwa zinarudisha hitilafu ya 502, badala ya ukurasa ulioombwa, na vichakataji vya seva za Cloudflare kila mahali vilikuwa vimeelemewa kwa asilimia 100. Kijana wa kwetu mmoja aliandika "wameshambuliwa", na nadhani wengi tungeandika hivyo. Kumbe ni wao wenyewe: kanuni moja mpya ya kuzuia mashambulizi, yenye regeksi (fomula ya kutafuta mpangilio fulani wa herufi) iliyoandikwa vibaya, ambayo kwa kila ombi ilikuwa inailazimisha kompyuta kurudi nyuma na kujaribu upya michanganyiko isiyokwisha. Na kanuni hizo, kwa kuwa shambulio halisubiri, zilikuwa zinapelekwa dunia nzima kwa mkupuo badala ya kuanza na seva chache. Halafu walipotaka kuizima wakapata shida kuingia kwenye mitambo yao wenyewe, kwa sababu mlango wa kuingilia nao ulikuwa unapita Cloudflare. Mwishoni mwa ripoti kuna nyongeza inayoeleza regeksi inavyorudi nyuma, hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa nimeandika regeksi kwa miaka mitatu bila kujua hilo.

Aliyeandika ripoti ile ni John Graham-Cumming, wakati huo mkuu wa teknolojia pale. Jina hilo lina kistari katikati, na miaka tisa kabla aliwahi kulalamika hadharani kwamba mfumo fulani wa kompyuta umemwambia jina lake la ukoo lina herufi zisizokubalika. Lalamiko lile lilimfanya Patrick McKenzie, mwandishi wa programu aliyekuwa akiishi Japani, akae chini mwaka 2010 na kuorodhesha mambo ya uongo ambayo waandishi wa programu huyaamini kuhusu majina ya watu. Kwamba kila mtu ana jina kamili moja tu. Kwamba majina yana urefu fulani. Kwamba ndugu hushiriki jina la ukoo.

Nawaomba muisome orodha hiyo kabla hamjabuni fomu yoyote, kwa sababu sisi ndio tunaoumizwa nayo. Mnyarwanda au Mrundi anaweza kuwa na jina tofauti kabisa na la baba yake na la ndugu zake wote, na hajakosea kujaza fomu. Mtanzania ana majina matatu na fomu ina nafasi mbili, kwa hiyo babu anaachwa nje. Na yule ambaye jina lake lina ng' ya ng'ombe, ile ritifaa moja ikikutana na amri ya SQL (lugha ya kuongea na kanzidata) iliyounganishwa kwa mkono, inasomeka kama mwisho wa maneno, na mfumo mzima unapiga kelele. Hiyo ya mwisho nimeiona kwa macho yangu, siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa ameketi.

Orodha kama ile ya saa zetu sijawahi kuiona, na inahitajika. Niliwahi kushiriki kuandika mfumo wa tiketi za mabasi. Karani wa basi akasema gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nami nikajaza 12:00. Wala sikuwa mgeni, nimezaliwa Tanga. Ukikaa mbele ya kompyuta unaanza kufikiri kama kompyuta.

Mfumo huohuo ndio ulionipa kipigo kingine. Abiria akilipa kwa simu, mtandao wa malipo ulikuwa unatutumia taarifa, na usipopata jibu upesi unaituma tena. Mimi nilikuwa nafanya kila kitu kwanza, kuhifadhi kiti, kutengeneza tiketi, kutuma ujumbe mfupi, ndipo najibu kwamba nimepokea. Siku ya msongamano wa Desemba seva ikachelewa. Mama mmoja wa safari ya Mbeya akalipa mara moja akapata viti viwili, na basi likaondoka na kiti kitupu huku watu wamesimama stendi. Kondakta alinipigia simu mwenyewe. Nilichojifunza siku ile kwa matusi kilikuwa kimeandikwa tayari, kwa utulivu, na Brandur Leach kwenye ukurasa wa wahandisi wa Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, mwaka 2017: kila ombi lipewe ufunguo wake wa pekee, na likija mara ya pili, seva irudishe jibu lilelile la kwanza bila kufanya kazi upya. Kwetu ilitosha kuweka sharti kwenye kanzidata kwamba namba ya kumbukumbu ya malipo isijirudie, na kujibu kwanza ndipo kazi nyingine ifuate. Mistari michache. Unayeunganisha malipo ya simu, soma hiyo leo.

Ukishazoea ripoti, ongeza waandishi wachache, na wachache ni wachache kweli. Kila anayeanza kazi hufungua msimbo aliourithi, akaguna, akataka kuufuta aandike upya. Joel Spolsky aliandika Aprili 2000 kuhusu Netscape, waliofanya hivyo na kivinjari chao wakakaa karibu miaka mitatu bila toleo jipya huku washindani wakiwapita. Hoja yake ni kwamba ile mistari inayokuudhi, yenye masharti ya ajabuajabu, mara nyingi ni tiba ya tatizo lililompata mteja fulani, na ukiifuta unafuta na tiba. Dan McKinley, 2015, anashauri uchague teknolojia ya kuchosha, iliyozeeka, ambayo namna zake za kuharibika zinajulikana. Vijana hawampendi wakimsoma mara ya kwanza. Julia Evans anaeleza mitandao na Linux kwa michoro, akianzia pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa haelewi. Kwa kanzidata, Markus Winand ana kitabu kizima cha bure mtandaoni kuhusu faharasa za SQL, zile zinazoharakisha utafutaji, na sura zake chache za mwanzo zitakufanya uonekane mchawi ofisini.

Nawatahadharisha na kitu kimoja. Sehemu kubwa ya maandishi haya yanatoka kwenye kampuni zenye wateja kwa mamilioni na wahandisi kwa mamia. Mtu anasoma jinsi walivyogawa mfumo wao vipande mia mbili, Jumatatu anakuja kupendekeza tuugawe wa kwetu, wenye watumiaji elfu nne na wahandisi watatu, mmoja wao yuko likizo ya uzazi. Soma matatizo yao kwa makini. Suluhisho zao zipime kwanza.

Na bando? Najua linavyouma. Habari njema ni kwamba maandishi bora ya fani hii ni mepesi. Kurasa za Dan Luu, mhandisi mwingine anayeandika, karibu zote ni maandishi matupu bila mapambo, zinafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Nyaraka za Python na za PostgreSQL zinapakuliwa zote kwa pamoja. Fanya hivyo siku moja ukiwa chuoni au ofisini, usome mwezi mzima. Tovuti ya DevDocs inakuhifadhia nyaraka za lugha nyingi kwenye kivinjari zikasomeka bila intaneti. Programu ya Kiwix inakuwezesha kubeba kwenye diski kumbukumbu za Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, nasi tuna diski moja ya namna hiyo inayozunguka ofisini kama sufuria la jirani. Ripoti ninazozipenda nimezichapa kwenye karatasi. Daladala ya Mbagala jioni inatosha kusoma moja na nusu.

Siku utakapoharibu kitu, na utaharibu, andika ripoti yako hata kama hakuna aliyekuagiza. Saa kwa saa: nani aliona nini, aligusa nini, kipi kilisaidia, kipi kilizidisha. Usiandike "kwa uzembe", maana uzembe hauelezi chochote. Andika kilichoufanya uamuzi ule uonekane sahihi kwa dakika ile. Ya kwangu ya baiti 20 ina kurasa mbili na haina jina la mtu. Inakaa kwenye folda ambayo kila mgeni hupewa siku ya kwanza. Mwaka huu binti mmoja aliisoma, akainua kichwa akauliza, "Kaka, huyu aliyebadilisha nywila bado yupo hapa kazini?" Nikamwambia ndiye atakayekufundisha kurejesha nakala, vuta kiti.